Msingi wa Mganga: Historia ya Masomo ya Kwanza ya Uganga katika Kongo, na Haja ya Kindu

Tarehe 30 Juni 1960, siku ile Kongo ilipopata uhuru wake, nchi hii kubwa haikuwa na mzalendo hata mmoja mwenye shahada ya uganga. Hospitali zilikuwapo. Dispensari zilikuwapo mpaka vijijini, na Wabelgiji walijivunia kazi hiyo mbele ya mataifa. Walikuwapo wauguzi wengi, tena wasaidizi wa waganga wapatao 130, watu wenye akili na ustadi. Lakini mganga kamili, mwana wa Kongo, hakuwapo. Siku chache baadaye machafuko yakaanza, waganga wa kigeni wakaondoka kwa mamia, na wagonjwa wakabaki na muuguzi wao.

Ndugu wasomaji, jambo hili limesemwa mara nyingi, na mara nyingi sababu inayotajwa ni moja: wakoloni hawakutaka. Sababu hiyo ina ukweli wake. Lakini iko nyingine ndani yake, nayo yatuhusu sisi wa Maniema hata leo. Ni habari ya msingi. Kijana atokaye shule ya sekondari afundishwe nini kwanza, na kwa muda gani, kabla ya kuwekwa mbele ya mgonjwa? Sasa Kindu ina chuo kikuu chake, na vijana wetu husoma uganga hapa hapa kando ya mto Lualaba. Swali hilo limefika mlangoni petu, na yafaa tujue wenzetu waliotutangulia walilijibu namna gani.

Desturi iliyotoka Ulaya

Zamani katika Ulaya mwanafunzi wa uganga alianza kwa vitabu vya Kilatini. Katika karne ya 19 mambo yakageuka. Pasteur alionyesha kazi ya vijidudu, wataalamu wakapima damu na mkojo kwa kemia, na ikawa wazi kwamba asiyeijua kemia hawezi tena kuielewa elimu ya uganga. Mwaka 1893 Ufaransa iliamuru kwamba atakaye kusoma uganga apate kwanza cheti cha fizikia, kemia na elimu ya viumbe. Cheti hicho kiliitwa kwa kifupi P.C.N. Ubelgiji nayo ilikuwa na masomo yake ya kutangulia, ya elimu ya maumbile, kabla ya mwanafunzi kufika kwa wagonjwa.

Marekani ilifuata kwa kishindo. Mwaka 1910 mwalimu mmoja, Abraham Flexner, alitoa taarifa baada ya kuzitembelea shule zote 155 za uganga za Marekani na Kanada. Aliona nyingine hazina vyombo wala maiti za kujifunzia, na wanafunzi wake hawakumaliza hata sekondari. Akashauri kwamba kila mwanafunzi awe amesoma kwanza miaka miwili ya sayansi katika chuo. Shauri lilikuwa jema, na uganga wa Marekani ukapanda. Lakini tuangalie na upande wa pili. Shule nyingi zilifungwa, na katika shule saba za Wamarekani weusi zikabaki mbili tu, Howard na Meharry. Watu weusi wakakosa waganga kwa miaka mingi iliyofuata.

Hapa twaona jambo litakalotufuata katika habari yote hii. Masomo ya msingi yaweza kuwa daraja, na yaweza kuwa ukuta. Vitabu ni vile vile, na mitihani ni ile ile. Tofauti hutokea pale yule aliyetoka shule maskini anaposaidiwa kuvuka, au anapoachwa ng'ambo.

Wasaidizi wa waganga

Katika Kongo kazi ya kufundisha uganga ilianza chini. Mwaka 1926 Profesa Fernand Malengreau na wenzake wa Chuo Kikuu cha Louvain waliunda shirika la FOMULAC, wakajenga hospitali na shule ya wauguzi huko Kisantu. Mwaka 1936 serikali ikafungua Leopoldville shule ya wasaidizi wa waganga, na Kisantu nako kukawa na shule ya namna hiyo. Masomo yalikuwa ya miaka minne darasani na miaka miwili ya kazi hospitalini. Ukihesabu, ni miaka sita. Hata hivyo aliyemaliza aliitwa msaidizi, akabaki msaidizi mpaka uzee.

Walipatikana wapi wanafunzi wa shule hizo? Siku zile shule ya sekondari kamili kwa Mwafrika ilikuwa kama haiko. Karibu zote zilikuwa seminari ndogo. Kwa hiyo kijana aliyeona kwamba hakuitwa kuwa padre, akaacha seminari, ndiye aliyekuwa tayari kwa masomo makubwa. Alijua Kifaransa vizuri, na Kilatini, na kazi ya kukaa na kitabu usiku. Sayansi alijua kidogo. Basi walimu wake walipaswa kumjazia fizikia na kemia papo hapo, huku wakimwonyesha wagonjwa. Huo ndio uliokuwa mwaka wa msingi wa kwanza katika Kongo, ingawa haukuitwa kwa jina hilo.

Tuwatazame jirani zetu pia. Makerere, huko Uganda, ilianza kufundisha uganga katika miaka ya 1920, na wanafunzi wakajifunza katika hospitali ya Mulago. Mwanzo cheti chao kilikuwa kidogo. Lakini mwaka hata mwaka kikapandishwa, mpaka mwaka 1957 baraza la waganga la Uingereza likakikubali. Makerere walijenga ngazi, wakapanda kidato kimoja kimoja. Katika Kongo kidato kilikuwa kimoja, na juu yake hapakuwa na kingine.

Lovanium na hesabu ya miaka

Mwaka 1948 mpango wa shule ulibadilishwa, na sekondari kamili zikaanza kufunguliwa kwa Wakongo. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Lovanium kikafungua milango kwenye mlima karibu na Kimwenza, nje ya Leopoldville. Kilikuwa mtoto wa Louvain, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Padre Luc Gillon, mtaalamu wa fizikia. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wapatao thelathini tu.

Wenye Lovanium walishika kanuni moja kwa nguvu: shahada ya Kongo iwe sawa kabisa na ya Ubelgiji, mtu yeyote asije akasema kwamba Mwafrika amepewa shahada ya huruma. Kanuni hii iliwaheshimu wanafunzi, nasi hatuwezi kuilaumu. Ili waifikie, waliweka mwaka wa matayarisho kwa wale ambao sekondari zao zilipungukiwa: Kifaransa, hesabu na sayansi. Ndipo ikafuata safari ya uganga yenyewe, na kwa desturi ya Ubelgiji safari hiyo ilikuwa ya miaka saba.

Hesabu yake ni rahisi. Aliyeanza miaka saba hiyo mwaka 1954, hata kama hakuanguka mtihani wowote, hakuweza kumaliza kabla ya mwaka 1961. Uhuru ulikuja 1960. Lovanium ilikuwa na mtambo wa nyuklia tangu mwaka 1959, mtambo wa kwanza katika Afrika, na nchi ilikuwa bado haijapata mganga wake wa kwanza! Kosa halikuwa katika kuweka mwaka wa matayarisho. Kosa lilikuwa katika kuchelewa kuanza. Mwaka ule ungalifundishwa 1936 badala ya 1954, na wasaidizi wa waganga wangalifunguliwa njia ya kupanda, siku ya uhuru ingaliwakuta makumi ya waganga wazalendo kazini.

Waliopelekwa Ufaransa

Baada ya uhuru Shirika la Afya Ulimwenguni liliingia Kongo kuokoa hospitali. Lilileta waganga kutoka nchi nyingi, na pamoja na hayo lilifanya jambo la busara. Liliwachukua wasaidizi wa waganga wapatao sitini, likawapa msaada wa masomo na kuwapeleka katika vyuo vikuu vya Ufaransa wakawe waganga kamili.

Hawa hawakurudishwa darasa la kwanza kama watoto. Walikubaliwa kuingia katikati ya masomo, kwa sababu kazi yao ya miaka mingi ilihesabiwa. Walikwisha kuona homa, kuhara, vidonda, uzazi mgumu na malale, mambo ambayo mwanafunzi wa Ufaransa aliyasoma kitabuni tu. Baada ya miaka michache walianza kurudi wakiwa na shahada. Basi walioitwa wasaidizi maisha yao yote walithibitisha kwamba uwezo haukuwapungukia. Kilichowapungukia ni njia.

Historia hii yatufundisha kwamba msingi wa mganga una pande mbili. Upande mmoja ni sayansi, nao ndio Lovanium iliousisitiza. Upande wa pili ni kumjua mgonjwa, nao ndio wasaidizi walioupata kwa jasho lao. Mwenye upande mmoja tu ni kama mtu anayepiga kasia upande mmoja wa mtumbwi: huzunguka mahali pamoja.

Somo kutoka Kasongo

Wako wanaodhani kwamba elimu kubwa ya uganga hutoka mbali tu. Sivyo. Sehemu ya elimu hiyo ilizaliwa hapa Maniema. Kuanzia mwaka 1971 waganga wa Kizaire, kama ilivyoitwa nchi yetu wakati ule, pamoja na wenzao wa Chuo cha Uganga wa Nchi za Joto cha Antwerp, walifanya kazi Kasongo kupanga vituo vya afya kuizunguka hospitali moja. Kazi yao ni mojawapo ya mizizi ya mpango wa kanda za afya unaotumika katika Kongo nzima.

Watu wa Kasongo walihesabu kwa uangalifu. Swali lao moja lilihusu akina mama waja wazito. Siku zile waganga wengi waliamini kwamba mama ambaye mtoto wake alikwama katika uzazi uliopita ndiye atakayepata shida tena, basi huyo apelekwe hospitali mapema, na wengine wazalie karibu na kwao. Mwaka 1984 walitangaza matokeo. Kati ya kila akina mama 100 ambao mtoto alikwama kweli, 71 hawakuwa na dalili hiyo ya zamani, hakuna aliyewatazamia. Na kati ya kila 100 waliohesabiwa kuwa hatarini kwa sababu hiyo, 90 walizaa bila mtoto kukwama.

Tafakarini jambo hili. Mganga mwema, mwenye huruma, lakini asiyejua hesabu ya namna hii, angeendelea kuwasumbua 90 kwa safari ndefu bila haja, na kuwaacha 71 wafie mbali na upasuaji. Hesabu za Kasongo zilisaidia kuonyesha ulimwengu kwamba kila mama, hata asiye na dalili yoyote, anahitaji njia ya kufika hospitali upesi shida ikitokea. Maana yake ni barabara, mtumbwi au pikipiki iliyo tayari, na mkunga anayejua saa ya kusema twende. Tena hesabu yenyewe si ngumu. Kijana aliyemaliza sekondari aweza kuielewa katika asubuhi moja, akifundishwa vizuri.

Na Kindu je?

Kwa muda mrefu kijana wa Kindu aliyetaka uganga alipaswa kwenda mbali. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa kimoja, na masomo ya uganga yakakusanywa Kinshasa. Kutoka Kindu ni meli mpaka Ubundu, treni mpaka Kisangani, ndipo meli tena siku nyingi juu ya mto Kongo. Mwaka 1981 vyuo vilitengana tena, na baadaye vyuo vingine vikazaliwa mikoani. Leo mzazi wa Maniema aweza kumwona mwanawe akivaa koti jeupe bila kuvuka msitu. Hii ni neema kubwa. Lakini chuo kilicho karibu hupokea pia wanafunzi wa karibu, wakiwamo wale wa shule za msituni zisizo na hadubini wala chupa moja ya kemia. Tuwajengee nini kwanza? Sisi twaona mafiga matatu, na chungu hakikai juu ya mawili.

Figa la kwanza ni sayansi, ifundishwe kwa kuanzia ugonjwa unaojulikana nyumbani. Chukueni ugonjwa wa selimundu, unaowatesa watoto wengi wa Kongo kwa maumivu ya mifupa na upungufu wa damu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake katika Marekani walionyesha kwamba chanzo chake ni badiliko katika dutu moja ya damu, ile ichukuayo hewa safi. Mwanafunzi akianzia hapo, somo moja humpeleka katika kemia ya protini, urithi kutoka kwa baba na mama, na sababu ya malaria kuwapungukia nguvu wale waliorithi sehemu moja tu ya badiliko hilo. Kemia haitakuwa tena orodha ya kukariri usiku wa mtihani. Itakuwa jibu la swali la mama aliyelia kituoni: kwa nini mtoto wangu? Na mganga aliyeelewa hivi hatamwachia mama huyo kushtakiwa uchawi na majirani.

Figa la pili ni hesabu na kumbukumbu, kama walivyofanya Kasongo. Mwanafunzi mpya apelekwe mapema kwenye kituo cha afya, si kutibu, maana hajui bado, bali kuhesabu. Apime uzito wa watoto na kuchora mstari wao. Aulize maji yanachotwa wapi. Aandike wangapi walikuja na homa juma hili, na wangapi walitembea zaidi ya saa mbili. Arudi darasani na daftari lake, na mwalimu wa hesabu alifanye daftari hilo kuwa kitabu cha somo.

Figa la tatu ni lugha. Masomo ni kwa Kifaransa, na ni lazima yawe hivyo kwa sasa, kwa sababu vitabu viko hivyo. Lakini mgonjwa wa Kindu huugua kwa Kiswahili. Husema anasikia baridi, anasikia kizunguzungu, anasikia mwili hauna nguvu; na neno hilo moja, kusikia, hubeba mambo ambayo Kifaransa huyagawa katika maneno mengi. Mwanafunzi aliyezaliwa Kiswahilini hudhani anajua tayari. Kumbe kujua kusema sokoni si kujua kuuliza habari za siri za mwili bila kumwaibisha mzee, wala kumweleza mke wa mtu namna ya kumeza dawa mpaka aweze kuyarudia yale maelezo bila kukosea. Hayo hufundishwa, tena hufanyiwa mazoezi. Nao wanafunzi waliotoka mikoa mingine wanahitaji zaidi. Saa chache kila juma, kwa mwaka mzima, zatosha.

Twajua neno litakalosemwa. Mwaka wa msingi ni mwaka mmoja zaidi wa karo, na mzazi aliyeuza mbuzi wake wote hana mwingine wa kuuza. Pingamizi hili ni la kweli, na Lovanium yatukumbusha kwamba miaka ina bei yake. Kwa sababu hiyo twasema msingi usiwe mwaka wa kungojea. Yafaa uwe majuma kadhaa ya kwanza kwa wote, na msaada wa kuendelea kwa wale tu walio nyuma, ukifanyika sambamba na masomo ya mwaka wa kwanza. Mtihani wa kupima uwekwe mwanzoni, ili ujulikane nani asaidiwe katika lipi. Ukiwekwa mwishoni peke yake, kazi yake huwa kuwafukuza watu baada ya fedha zao kuliwa.

Wala kazi si ya chuo peke yake. Mwalimu wa sekondari huko Kibombo, Pangi au Punia, anayewaonyesha wanafunzi wake jani chini ya kioo cha kukuzia, ameanza kumfundisha mganga. Parokia iliyo na chumba na taa yaweza kuwapa watoto mahali pa kusoma jioni. Muuguzi wa zamani wa dispensari, ambaye hakupata njia kama wale wa mwaka 1936, anayo mengi ya kumwonyesha mwanafunzi akija na daftari lake. Tusimfiche mtu huyo nyuma ya mlango siku wageni wa chuo wakifika.

Mwaka 1960 Kongo ilijua haina waganga siku waganga wa wengine walipopanda ndege. Maniema ilionja uchungu huo zaidi, katika vita vya miaka ya 1961 na 1964. Vijana wanaoandikishwa Kindu mwaka huu watakuwa waganga baada ya miaka mingi, na baadhi yao watakuwa peke yao usiku katika hospitali ya mbali, na mama ambaye mtoto wake amekwama. Usiku ule hakuna atakayeuliza walipata alama ngapi katika kemia ya mwaka wa kwanza. Lakini walivyofundishwa katika miezi ile ya kwanza, kufikiri, kuhesabu na kusikiliza, ndivyo watakavyofanya.